Kibaha na Kisarawe: siku mbili za kumrudisha bibi kwao

Likizo ya Juni ilipofunguliwa, familia moja ya Kimara ilikuwa na mabishano ya kila mwaka. Mtoto wa kiume, wa darasa la sita, alitaka kupelekwa ufukweni penye bembea. Dada yake, wa kidato cha kwanza, alitaka kwenda kwenye maduka makubwa kupiga picha. Baba alitaka kulala. Bibi mzaa mama, aliyekuwa mjini kwa miezi miwili akitibiwa macho, alitaka kurudi kwao Maneromango, tena akitaka wajukuu wampeleke wenyewe badala ya kupakiwa kwenye basi na furushi lake.

"Hawa wanajua majina ya wacheza mpira wa Ulaya wote," alisema jioni moja, "lakini kaburi la babu yao hawalijui lilipo."

Aliyepinga ni mama mwenye nyumba, binti yake bibi. Alitaja sababu za kawaida kama mafuta ya gari, vumbi na mbu. Sababu yenyewe hakuitaja mbele ya watoto, na bibi aliijua vizuri.

Hatimaye iliazimwa Noah ya rafiki, na ikapangwa safari ya siku mbili: Jumamosi asubuhi Kibaha, mchana kuvuka hadi Kisarawe na kulala kwa mjomba, Jumapili Maneromango, na jioni kurudi kwa njia ya Pugu. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaweza kuufuata mpango huo bila kulala hotelini. Kinachohitajika ni gari la kuazima au uvumilivu wa daladala, chakula cha njiani, na mtu mmoja mzima anayejua hadithi za huko. Huyo wa mwisho ndiye asiyekodishwa popote.

Bibi alikataa kiti cha mbele. Hakai bega kwa bega na mkwewe, hata kama gari lina mkanda wa usalama. Akakaa nyuma kabisa na wajukuu, mvulana akimwita "mume wangu" na msichana akimwita "mke mwenzangu", na gari likaondoka kabla ya saa moja.

Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha sasa ina njia nane, na wanaosafiri kwenda mikoani huipita Kibaha wakiangalia mbele tu. Hawajui kwamba wamepita makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Vituo vyake vina majina yanayomfanya mtoto aulize. Pale Picha ya Ndege, mvulana aliuliza picha iko wapi, na ni ndege wa kuruka mwenye mabawa au ni ndege ya abiria. Baba alisema ya abiria, mama akasema wa mabawa, na bibi akasema yeye anashuka Maili Moja, hayo hayamhusu.

Mvulana alikuwa na jambo lake Kibaha. Anataka kusoma Shule ya Sekondari Kibaha, mojawapo ya shule za serikali za wavulana wenye vipaji maalumu, pamoja na Ilboru na Mzumbe. Mtoto anayeitamani shule ni vizuri aione ingali mbali. Familia ilisimama getini, ikajieleza, ikaruhusiwa kutembea kidogo na mlinzi.

Shirika la Elimu Kibaha ni zaidi ya shule. Lilianza 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi nne za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru muda mfupi tu nyuma, wasomi wakihesabika, na wazo lilikuwa kupambana na maadui watatu waliotajwa katika kila hotuba ya wakati ule, ujinga, umaskini na maradhi, katika eneo moja. Ndiyo maana hapo hapo kukawa na shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ambacho ndicho mzazi wa Hospitali ya Tumbi ya leo. Januari 1970 Wanordic walikabidhi kila kitu kwa serikali ya Tanzania.

Baba, ambaye ni Mnyamwezi wa Tabora na mtu wa kujisifia shule za kwao, alitembea mikono mgongoni bila kusema neno. Mvulana alihesabu miti. Bibi ndiye aliyezungumza. Alisema mwaka ule wa Wazungu wa Kibaha yeye alikuwa msichana mdogo, na kaka yake alikuja huku kwa miguu na baiskeli kujifunza kufuga kuku wa kisasa. Kuku wote walikufa kwa kideri. Kaka akarudi tena kujifunza upya.

"Kwa hiyo Wazaramo tulikuwa tunasoma?" mvulana aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Darasani kwao, akitaja kabila lake la upande wa mama, wenzake humwambia Mzaramo ni ngoma, shule hana habari nayo. Utani huo una umri mkubwa kuliko walimu wake.

Bibi alicheka. "Subiri ufike Minaki."

Anayetaka kuona ya karibuni zaidi anaweza kusogea hadi Kwa Mfipa, ilipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyozinduliwa Februari 2022, ambayo vyama sita vilivyoongoza ukombozi Kusini mwa Afrika vinaitumia kwa pamoja. Familia hii iliitazama kwa nje tu na kuendelea. Watoto walikuwa na njaa, na mihogo ya kuchemsha ya pembeni mwa barabara ilikuwa imeshafungwa kwenye gazeti.

Kutoka Kibaha si lazima kurudi hadi katikati ya Dar es Salaam ndipo uende Kisarawe. Ukifika Kiluvya kuna barabara inayokata kusini hadi Mpuyani, Kisarawe. Inapita kwenye vilima na mashamba ya mihogo na mikorosho, na kwa mtoto wa mjini njia hiyo peke yake ni ziara. Msichana aliliona bibo la korosho kwa mara ya kwanza likiwa mtini, na akashangaa kwamba korosho yenyewe inaning'inia nje ya tunda. Juni si msimu wake, lilikuwa limechelewa peke yake, na bibi akasema hilo ni la kwake.

Kisarawe mjini upo kilimani. Mjomba wa watoto, mdogo wake mama, alikuwa amesimama barazani. Alipomwona shemeji yake akishuka kwenye gari alipiga kelele hadi majirani wakatoka: "Ficheni kuku! Mnyamwezi amefika!" Baba akajibu kwamba hakuja kwa kuku, amekuja kudai mifupa ya babu zake waliokufa na njaa kwa ubahili wa Wazaramo. Watoto walitazamana. Nyumbani Kimara baba ni mtu wa maneno machache, na mbele ya mama mkwe huwa haongei kabisa mpaka aulizwe.

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi si mchezo wa kubuni. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita Uzaramo wakielekea pwani na pembe za ndovu, na wakarudi kwa njia hiyo hiyo na vitambaa. Walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na aliyefia njiani alihitaji kuzikwa. Watu waliofanyiana hayo hawawezi tena kuchukiana kwa tusi. Baba aliwaeleza watoto hivyo usiku, na ilikuwa mara ya kwanza kuwasimulia jambo la kwao tangu wazaliwe. Ameishi Dar es Salaam miaka 20. Labda naye alihitaji kusafiri kidogo.

Mchana ule ule walikwenda Minaki. Shule hii, wakati ule ikiitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, iliendeshwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Mizizi yake ni Kiungani, Zanzibar, na ilihamia Minaki 1925. Kabla nchi haijawa na chuo kikuu, hapa palikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika wa Tanganyika angeweza kusoma mpaka akawa mwalimu. Ukiwa hapo, kisha ukakumbuka kwamba maili chache tu kuelekea mjini ipo Shule ya Sekondari Pugu, unaona jinsi vilima hivi vilivyobeba elimu ya nchi. Pugu iliitwa St. Francis. Mwalimu Nyerere alifundisha hapo alipokuwa akiongoza TAA na kisha TANU, iliyozaliwa 7 Julai 1954, na 1955 akaacha kazi ya ualimu ili afanye siasa moja kwa moja. Benjamin Mkapa, rais wa awamu ya tatu, alisoma pale pale miaka hiyo hiyo.

Mvulana alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo watu wazima hulikwepa. "Sasa kama shule zote zilikuwa huku, kwa nini wanasema hatusomi?"

Mjomba alitaka kulijibu kwa utani. Mama alimtangulia.

"Kwa sababu shule zilikuwa za waliotoka mbali," alisema. "Wa hapa, wengi walikuwa wanaziona kwa nje. Hasa wasichana."

Kimya kilichofuata kilimfaa bibi atazame kwingine, naye akatazama kwingine.

Ndiyo sababu ambayo mama hakuitaja Kimara. Alivunja ungo akiwa darasa la sita. Kwa desturi ya Wazaramo binti huyo ni mwali, huwekwa ndani, hufundwa na kungwi, na hutolewa kwa ngoma. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata miaka. Yeye alikaa miezi minne. Alitoka mweupe, amenenepa, amejaa mafuta ya nazi, akashangiliwa na mtaa mzima, na aliporudi darasani wenzake walikuwa mbele yake mno. Darasa la saba hakuchaguliwa. Sekondari aliisoma ukubwani, jioni, kwa mtihani wa QT, akiwa na mimba ya huyu msichana aliye leo kidato cha kwanza. Sasa ni mhasibu wa kampuni ya mizigo. Mambo yake yameenda vizuri. Lakini tangu binti yake atimize miaka 12 amekuwa akihesabu likizo, na kila likizo ameipangia kitu kingine mbali na Maneromango.

Usiku, wanaume walikaa nje. Kutoka kwenye vilima vya Kisarawe taa za Dar es Salaam zinaonekana zimetandazwa chini hadi zinakoishia, ambako ndiko baharini. Nyumba nyingi hapo mjini hazioni tena kitu hicho ni cha ajabu. Mgeni atenge saa nzima.

Jumapili barabara ya Maneromango ilikuwa kavu. Watu wa Kilutheri wanalijua jina hilo, maana wamisionari wa Kijerumani walifika Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, na ibada bado inajaa. Waislamu ndio wengi vijijini, na katika ukoo mmoja utakuta wote wawili wakichangia chungu kimoja siku ya msiba. Anayekwenda kama mgeni aanze kwa mwenyekiti wa kijiji, aje na kanga au kitenge juu ya suruali kama ni mwanamke, na shikamoo azitoe kabla ya kamera.

Njiani bibi aliwauliza watoto kama wanamjua Kibasila. Msichana akasema ni shule, ipo Chang'ombe, waliwahi kwenda kucheza nao netiboli wakafungwa. Bibi akamwambia Kibasila alikuwa mtu. Alikuwa jumbe wa Kisangire, Uzaramo, aliyekataa watu wake walimishwe pamba na Wajerumani kwa viboko. Vita ya Majimaji ilipowaka 1905 aliingia upande wa waliopigana, na Wajerumani wakamnyonga. Msichana alinyamaza, kisha akasema, "Na sisi tulikuwa tunaimba kumcheka."

Kaburi la babu lilikuwa chini ya mwembe, limepaliwa. Watoto walisalimia, wakamwaga maji, wakapewa kazi ya kuokota majani. Huko ndiko bibi aliposema alilotaka kusema tangu Kimara, na hakulisema kwa mjukuu. Alilisema kwa binti yake.

Alisema mwana hiti wa ukoo wao hayupo tena. Watoto waliuliza ni nani. Mwana hiti si mtu. Ni kinyago kidogo cha mti kinachoshikika mkononi. Hakina mikono wala miguu, mwili wake ni kama mchi, na kichwa kina nywele zilizogawanyika sehemu mbili. Mwali alipewa akiwa ndani, akikaa nacho kama mtoto, akikiosha na kukipaka mafuta, kisha alipotoka kikarudi kwa mwenye kukitunza ili kimngojee mwali mwingine wa upande wa mama. Kinyago kimoja kiliweza kupita mikononi mwa vizazi kadhaa mpaka kikawa laini na cheusi. Umbo lake huchongwa pia kwenye milingoti ya makaburi ya zamani, na leo vinyago vyenyewe vimejaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, kila kimoja ndani ya kioo chake. Cha ukoo huu kiliuzwa na kaka yake bibi, yule wa kuku wa Kibaha, kwa mchuuzi aliyekuja na pikipiki. Alilipwa bei ya gunia la sukari.

"Kilikuwa cha mwisho kwako," bibi alimwambia binti yake. "Baada yako hakikushikwa na mtu."

Mama alisema alikichukia kinyago kile. Alisema hivyo mbele ya kaburi, kwa sauti ya kawaida. Akasema alikuwa anakipaka mafuta huku akisikia kengele ya shule.

Bibi hakujitetea. Wazee wengi wangeanza na "zamani ndivyo ilivyokuwa". Yeye alisema kengele ile alikuwa akiisikia pia, na kwamba mwaka ule kungwi alimwambia wiki mbili zinatosha, ila yeye ndiye aliyeogopa maneno ya watu kwamba mtoto wake ametolewa mbichi. Mama hakuwahi kulisikia hilo. Alikuwa amemlaumu kungwi kwa zaidi ya miaka 20, na kungwi alishakufa.

Hapo msichana aliingilia. Alitaka kujua mwali anafundwa nini hasa, maana shuleni wamefundishwa hedhi kwenye somo la baiolojia na mwalimu aliisoma haraka haraka kama anayekimbizwa. Bibi akamtazama mama. Mama akasema, "Muulize bibi yako, ila nami nitakaa hapo hapo."

Walikwenda wanawake watatu hadi kwenye mti wa mkole nyuma ya nyumba. Mkole ni mti mfupi wa matawi mengi na matunda madogo yanayoliwa, na mafundo ya mwali yana jina lake. Waliyozungumza si ya gazetini. Kinachoweza kusemwa ni kwamba yalichukua muda wa kupika wali, kwamba mara mbili kicheko kilisikika hadi jikoni, na kwamba bibi alimfunga msichana gunzi la mahindi kwa kipande cha kanga, kwa sababu hata zamani nyumba isiyo na mwana hiti ilitumia gunzi.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, kisamvu na kuku mmoja, ambaye mjomba alitangaza mara nne kwamba amechinjwa kwa kulazimishwa na Mnyamwezi. Vijana wa jirani walipiga mdundiko kidogo. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo inayotembea, hupita njiani ikikusanya watu kama mafuriko, na waliokulia Dar es Salaam ya zamani wanakumbuka kupotelea mtaa wa mbali wakiufuata wakiwa watoto. Mvulana aliufuata hadi kisimani.

Bibi alibaki kwake. Wengine walirudi kwa njia ya Pugu, na saa kumi na moja wakawa msituni. Hifadhi ya Pugu Kazimzumbwi ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ni vizuri kulipa, kuchukua mwongozaji na kuvaa viatu vya kufunika. Humo anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku anayeenea kiganjani na anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Kumwona ni bahati. Wa uhakika ni popo. Kwenye mahandaki ya Pugu, yaliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani kutafuta udongo mweupe wa kaolini unaotumika kwenye vyombo vya kauri na rangi, wanaishi kwa maelfu, na giza likiingia hutoka mdomoni mwa pango kama moshi. Watoto wadogo wanaogopa, na tochi isimulikwe ndani. Mvulana alisema hiyo ndiyo sehemu bora ya safari yote, na kwa umri wake ni haki yake.

Wiki iliyofuata bibi alipiga simu. Alitaka mjukuu wake wakati wa likizo ya Desemba, kwa siku saba. Kungwi yupo, mtu mzima mwenye akili, na mtoto wake wa kike anafundisha sekondari. Mama alisema tatu. Bibi akasema tano. Mama akasema tatu, zote zianze baada ya mitihani kufungwa, na yeye mwenyewe atachukua likizo kazini alale chumba hicho hicho.

"Basi uje na mafuta ya nazi," bibi alisema, na akakata simu.